Mtundu wa Maseno

Siku ya jubilei twapenda kuwahesabu watoto waliotoka shuleni na vyeti vyao. Lakini sisi tunaofundisha hapa Babati twawakumbuka pia waliofukuzwa kwa utundu, ambao majina yao hayasomwi siku ya sherehe. Kwa ajili yao twasimulia habari za mmoja wa nchi jirani ya Kenya.

Shule ya Maseno ilianzishwa mwaka 1906 na wamisionari wa Kianglikana. Mwaka 1950 aliingia humo kijana Mjaluo, Barack Obama, mwana wa Hussein Onyango aliyekuwa mpishi wa Wazungu. Akili yake ilikuwa nyepesi mno, na utundu wake vivyo hivyo. Jamaa zake walisimulia kwamba hakupenda chakula cha bwenini, basi yeye na wenziwe wakaiba kuku na viazi vikuu katika mashamba ya jirani. Tena aliingiza wasichana bwenini kwa siri. Walimu waliona mengi wakafumba macho, maana alikuwa hodari wa masomo. Hata utundu ulipopita kiasi, akatolewa shuleni mwaka 1953, hana cheti.

Baba yake alimpiga kwa fimbo hata mgongo ukatoka damu, kisha akampeleka Mombasa kuwa karani wa Mwarabu mmoja. Huko akagombana na tajiri wake, akaondoka pasipo mshahara. Baadaye akawa karani Nairobi. Mwishowe wanawake wawili wa Kimarekani, walimu, walimsaidia asome kwa njia ya posta, na mwaka 1959 akaenda Chuo Kikuu cha Hawaii, Mwafrika wa kwanza kusoma huko. Mwanawe mwenye jina lile lile alikuwa Rais wa Marekani tangu 2009 hata 2017.

Mtoto asomaye haya asidhani kwamba twausifu utundu. Kuku wale walimgharimu miaka sita, na wengi watolewao shuleni hawapati wa kuwainua. Lakini na sisi walimu tuna letu. Samaki hukunjwa angali mbichi. Wao walimwacha kwa sababu ana akili, na alipokauka wakamtupa. Basi tuwaonye wote mapema, mwepesi na mzito sawasawa. Na yule aliyekwisha kutoka, twende nyumbani kwao tukamwulizie.