Likizo ya pwani ya kusini (Kwale)

Likizo ya pwani ya kusini ni mapumziko ya ufuoni katika kaunti ya Kwale nchini Kenya, hasa Tiwi, Diani, Galu, Msambweni na Shimoni. Kitovu chake ni Diani, kilomita 30 hivi kusini mwa kisiwa cha Mombasa, penye mchanga mweupe na mwamba wa matumbawe unaoukinga ufuo na mawimbi ya bahari kuu. Pepo mbili, kaskazi na kusi, ndizo zinazoamua bei ya malazi na hali ya bahari, na anayepanga safari hana budi kuanzia hapo.

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Maji huwa maangavu, hoteli hujaa, na bei hufika kilele wakati wa Krismasi na mwaka mpya. Kusi huingia Aprili pamoja na masika. Mvua huzidi mwezi wa Mei, na ndipo hoteli zinaposhusha bei. Baadhi hufunga kabisa zikafanya ukarabati. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila mwani hurundikana ufuoni na mara nyingine bahari huchafuka hata boti zisitoke. Kwa familia inayobana matumizi, wakati mwafaka zaidi ni Septemba na Oktoba: kusi imelegea, wageni wa Agosti wameondoka, na bei za Desemba bado hazijafika.

Bei inayotangazwa haitoshi kulinganisha hoteli. Mara nyingi huhesabiwa kwa kila mtu, wawili wakilala chumba kimoja, na anayelala peke yake huongezewa. Raia na wakazi wa Afrika Mashariki huwa na viwango vyao vya chini, lakini hutakiwa kuonyesha kitambulisho. Ni vyema kuuliza iwapo chakula cha mchana na vinywaji vimo, watoto hulipiwa kuanzia umri gani, na arubuni hurudishwa vipi safari ikivunjika. Arubuni ilipwe kwa nambari ya malipo yenye jina la hoteli yenyewe, kamwe isitumwe kwenye simu ya mtu binafsi. Watu wengi pamoja hupata nafuu kubwa zaidi wakikodi nyumba yenye mpishi: asubuhi muuza samaki hufika mlangoni kwa baiskeli na changu, pweza au kamba, bei hukubaliwa papo hapo, na mchana kuna samaki wa kupaka na wali wa nazi.

Jambo ambalo matangazo hayalisemi ni kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta 3. Siku hizo hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na mtu huweza kutembea juu ya miamba akitazama samaki kwenye vidimbwi, akiwa amevaa viatu kwa sababu ya miiba ya viumbe wa baharini. Kuogelea huwa kuzuri alasiri, maji yakijaa. Juma linalofuata, wakati wa maji mafu, saa hubadilika na asubuhi ndiyo huwa na maji mengi. Mgeni mwenye siku tatu tu hufaidi mno akizipanga shughuli zake kwa kufuata mwezi.

Shimoni ndiyo bandari ya kwenda Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, yenye matumbawe na pomboo. Nyangumi hupita kati ya Julai na Septemba. Boti nyingi hutua pia kisiwani Wasini kwa chakula. Galu hupendwa na wanaoteleza majini kwa tiara. Bara, Shimba Hills ina palahala, swala adimu asiyepatikana kwenye hifadhi nyingine yoyote ya Kenya. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, ni miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia na kuongozwa na mwenyeji. Huko Gazi, kabla ya kufika Msambweni, wanawake wa kijiji huwapitisha wageni kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko, na kiingilio hubaki kijijini. Ziara hizi mbili ni za gharama ndogo kuliko safari yoyote ya boti, nazo zinastahili nafasi katika kila mpango.

Anayetoka Nairobi kwa treni hushuka Miritini, na kutoka hapo barabara ya Dongo Kundu humfikisha Kwale bila kupanga foleni ya feri ya Likoni. Ndege ndogo hutua Ukunda, mwendo mfupi kwa tuktuk hadi ufuoni.