Shauri na Mwenye Kulikata: Kamati za Wananchi Katika Songea

Neno shauri lina sura nyingi katika lugha yetu. Ni nasaha, ni jambo, ni kesi, tena ni uamuzi. Mtu humwendea mkubwa wake kuomba shauri, hupeleka shauri barazani, na akishupaa kufanya apendalo huambiwa kuwa hilo ni shauri lake. Katika Tanganyika ya Waingereza mtawala wa wilaya aliitwa Bwana Shauri, na kila aliyeitwa mbele yake alijua vema kwamba hakuitwa ili atoe nasaha. Historia ya kamati za wananchi katika Songea, yaani zile zilizoundwa ili watu waseme neno juu ya kanuni za maendeleo ya mahali pao, ni historia ya neno hili moja: nani ashauri, nani ashauriwe, na nani hatimaye alikate shauri lenyewe.

Mji wa Songea wachukua jina la nduna Songea Mbano. Katika dola za Wangoni, Njelu na Mshope, Nkosi alikuwa na manduna wake, na nduna hakuwa tarishi wa kupeleka amri tu. Alikuwa mtu mwenye watu nyuma yake, ambaye neno lake halikuweza kupuuzwa bila ya hasara. Tusiupambe utawala huo kupita kiasi, kwa maana ulisimama juu ya mikuki, na jirani walioshambuliwa walikuwa na habari nyingine ya kusimulia. Lakini mashauri yalikuwamo. Baada ya vita vya Majimaji, mwaka 1906, Wajerumani waliwanyonga Nkosi Mputa, nduna Songea na wakuu wengine wengi. Katika nchi ambayo shauri lilikaa vichwani mwa watu wazima wachache, kitendo hicho kilikuwa zaidi ya adhabu ya vita: ni kama kuichoma maktaba pamoja na wasomi wake.

Waingereza walipoleta Utawala wa Wenyeji kwa sheria ya mwaka 1926, waliwarudisha wakuu katika viti, lakini viti vile vilikuwa vimefupishwa miguu. Mkuu alipewa uwezo wa kutunga kanuni na kutoa amri juu ya kilimo, misitu, maji na usafi, naye Bwana Shauri alikuwa na uwezo wa kumwagiza azitunge na wa kuzifuta. Basi kanuni ilitoka kwa jina la mkuu, hali fikira ilitoka bomani. Mwananchi alikutana nayo alipotozwa faini kwa kukosa shamba la muhogo la akiba au kwa kutopiga matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mwisho wa mambo ya namna hii ulionekana mbali na Songea, katika milima ya Uluguru, mwaka 1955, watu walipofanya ghasia kukataa amri ya matuta, na mpango wote ukaachwa.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana jambo lina kejeli yake. Wamatengo wa nyanda za juu za Mbinga, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Songea, walikuwa wakihifadhi udongo wa miteremko mikali kwa ngoro muda mrefu kabla ya afisa yeyote wa kilimo kufika. Majani hukatwa na kulazwa kwa mistari ikatanayo, kisha hufunikwa kwa udongo uchimbwao katikati, hata mteremko wote ukawa mashimo yenye kuta, mfano wa sega la nyuki. Mvua hunaswa shimoni, na majani huoza yakawa mbolea. Hiyo ilikuwa kanuni ya maendeleo isiyoandikwa na mtu, wala haikuhitaji faini. Kilichowashinda watu wa Uluguru hakikuwa wazo la kuuhifadhi udongo, bali namna lilivyowajia.

Nchi ya Ungoni iliachwa nyuma kwa barabara na kwa biashara, na vijana wake wengi walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya katani ya Tanga. Waliobaki walilima tumbaku ikaushwayo kwa moshi, wakauza kwa pamoja kupitia Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo, kilichoandikishwa mwaka 1936. Mambo haya mawili, umanamba na tumbaku, yatarudi katika habari yetu.

Mwishoni mwa mwaka 1960, yaani mwaka mmoja kabla ya Uhuru, kikundi kidogo cha Umoja wa Vijana wa TANU kiliingia msituni mahali paitwapo Litowa kuanzisha kijiji. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga, katibu wa umoja huo wilayani. Jaribio la kwanza lilivunjika kwa njaa, nao waliorudi mwaka 1961 walirudi wakiwa wachache na wenye akili zaidi. Baadhi yao walikuwa wamepata kuonja kazi ya katani, na kwa hiyo walijua maana ya kuamshwa kwa kengele ya mtu mwingine. Hilo, kwa maoni yangu, laeleza mengi katika yaliyofuata kuliko nadharia yoyote ya ujamaa. Walikubaliana kulima pamoja, kugawana mazao, na kutokuwa na mnyapara ila yule waliyemchagua wenyewe na ambaye wangeweza kumwondoa. Kazi ya siku ilipangwa katika mkutano, na mkutano ndio uliokuwa mkubwa wa kijiji.

Mwaka 1963 vijiji vya namna hiyo viliungana katika Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, ambacho wengi walikijua kwa herufi za jina lake la Kiingereza, RDA. Mwaka huo huo alikuja Litowa na jamaa yake Mwingereza Ralph Ibbott, aliyekuwa amefanya kazi katika shamba la ushirika la St Faith's, Rhodesia ya Kusini, akawa mshauri wa chama. Mshauri kwa maana halisi ya neno, kwa kuwa hakuwa na amri juu ya mtu. Chama hakikuwakusanya watu kwa lori. Kijiji kilichotaka kuingia kiliomba chenyewe, na wanakijiji wa zamani walikwenda kukaa na wapya kuwaonyesha kazi. Kufikia mwaka 1969 vilikuwa vijiji 17. Chama kilimiliki mashine ya kusaga nafaka mjini Songea, kiwanda cha kupasua mbao na karakana, na Litowa palikuwa na shule iliyopokea watoto wa vijiji vya chama, chini ya mwalimu mkuu Suleman Toroka. Watoto walilima na kusoma katika shule hiyo kabla Mwalimu Nyerere hajatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967.

Msomaji aangalie ni kamati ya namna gani iliyokuwa ikikutana hapo. Wajumbe wa vijiji walipokaa pamoja walizungumza kanuni: ni masharti gani mgeni atimize kabla ya kuwa mwanachama, mgonjwa apewe fungu gani, mazao yagawanywe vipi, fedha ya mashine iende wapi. Hawakuwa wakishauri mtu mwingine aliyeshika kalamu. Walikuwa wakishauriana, na tofauti ya vitenzi hivi viwili yatosha kuonyesha tofauti ya dola mbili. Tena mashauri yao yalikuwa na uzito kwa sababu nyuma yake palikuwa na unga ghalani. Mkono mtupu haulambwi, nayo kamati isiyo na chochote chake husikilizwa kwa adabu tu.

Wakati huo huo serikali ya Tanganyika huru ilikuwa ikiunda kamati zake. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, na tangu mwaka 1962 Kamati za Maendeleo za Vijiji zilikuwa zikianzishwa nchini kote ili kuijaza nafasi iliyoachwa. Nia ilikuwa njema, wala haifai kuwacheka waliozianzisha. Nchi changa ilihitaji masikio kila mahali. Lakini nyingi za kamati hizo zilizaliwa kwa waraka. Wajumbe walikutana afisa alipokuja, wakahesabu mifereji iliyochimbwa kwa kujitolea, wakaomba zahanati, kisha wakangoja. Mji ambao sheria zake zaandikwa na wengine hujifunza upesi kuomba, na kuomba ni mazoea yasiyotoka kwa urahisi. Hivyo katika mkoa mmoja, katika miaka ile ile, palikuwa na kamati za aina mbili, moja ikipeleka maombi juu na nyingine ikipeleka mahindi mashineni.

Mwezi Septemba 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Ujamaa Vijijini, na wanahistoria wengi wakubali kwamba aliyoyajua ya Litowa yalimtia moyo alipoliandika. Alisisitiza humo kwamba watu wasilazimishwe kuingia katika vijiji. Ingetazamiwa kwamba baada ya hapo chama cha Ruvuma kingepewa nafasi zaidi. Mambo yakawa kinyume. Kadiri ujamaa ulivyozidi kuwa siasa rasmi ya nchi, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kwa wakuu wa mkoa na wa chama kuvumilia ujamaa usiotoka kwao. Wakuu wa mkoa waliiona tumbaku kuwa njia ya mapato. Vijiji vya chama havikukubali kuitanguliza mbele ya chakula, kwa kuwa tumbaku ya moshi hula kuni na hula siku za mkulima, wala yenyewe hailiki. Likaongezwa na lawama juu ya wazungu wachache waliokuwamo. Lakini chini ya yote lilikuwapo swali la Bwana Shauri, limevaa sasa nguo za kijani: ikiwa watu hawa wanakata mashauri yao wenyewe, sisi tu nani kwao?

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kukipiga chama marufuku, na kuvitia vijiji vyote vya ujamaa chini ya uangalizi wa TANU. Mali ya chama ilichukuliwa, walimu wa Litowa wakatawanywa katika shule nyingine, na Ibbott na wageni wenzake wakaondoka. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amekilinda chama kwa miaka, hakuzuia uamuzi huo kutendwa. Wako wanaosema alishindwa kwa kura za wenzake, na wako wanaosema alichoka. Mimi naona kwamba mtu aliyeandika kuwa ujamaa haulazimishwi alipaswa kujua kuwa haukomeshwi pia kwa amri bila ya kupoteza kitu kisichorudishwa kwa amri nyingine. Miaka minne baadaye, mwezi Novemba 1973, yeye mwenyewe alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na mamilioni wakahamishwa.

Baada ya hapo kamati zilifuatana upesi. Kamati za maendeleo za kata zilishika mahali pa zile za vijiji mwaka 1969. Mwaka 1972 Madaraka Mikoani yalizivunja halmashauri za wilaya na kuweka mahali pake vikao ambamo maafisa walipanga na wawakilishi wa watu walishauri. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ikaleta halmashauri ya kijiji yenye kamati zake, na sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zikarudisha halmashauri za wilaya na miji. Sina haja ya kuzieleza zote. Sura zake zafanana, na wajumbe wake mara nyingi walikuwa watu wale wale katika viti vile vile.

Hata hivyo sheria ya 1982 ina kifungu kimoja kistahilicho kusomwa polepole. Halmashauri ya kijiji, kabla ya kutunga sheria ndogo, hupaswa kuuita mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote, iwaeleze maudhui yake na kuyasikia maoni yao. Kisha sheria hiyo huenda kwa halmashauri ya wilaya ili ipate idhini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zimeongeza nguvu za namna hiyo, na leo kijiji kinachopanga matumizi ya ardhi yake huwa na kamati ya wanakijiji inayokagua mipaka, kutenga malisho, misitu na mashamba, na kupeleka mapendekezo yake mkutanoni. Juu ya karatasi, hili ni shauri lililorudishwa kwa wenyewe. Mahali ambapo kamati hiyo imekwisha kutembea mipaka kwa miguu kabla afisa wa wilaya hajafika na ramani, mazungumzo huwa marefu na afisa hurudi na ramani iliyosahihishwa. Mahali ambapo ramani imetangulia, muhtasari wa mkutano huandikwa kwa dakika chache na majina ya waliohudhuria huchukua nafasi kubwa kuliko maneno yao.

Katika vijiji 17 vya Ruvuma, vingi viliacha kazi ya pamoja mara baada ya mwaka 1969; mashamba yakagawanywa, vijana wengine wakarudi kutafuta kibarua. Matetereka, kilichoanzishwa mwaka 1962, hakikuacha. Hakikuwa tena na chama, wala mashine, wala mshauri, lakini watu wake waliendelea kukutana na kugawana kazi ya shamba la pamoja, wakapita katika kuhamishwa kwa wengine, katika ukame wa bidhaa wa miaka ya 1980, na katika kugeuka kwa siasa ya nchi. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilichapa utafiti juu ya kijiji hicho, na mtafiti akakiita kijiji cha mwisho cha ujamaa katika Tanzania.