Kujifunza lugha ya mteja kwa simu: mwongozo kwa wafanyabiashara na madereva wa njia ya Kigali

KIGALI – Katika makutano ya Sonatubes, wilayani Kicukiro, barabara ya uwanja wa ndege hukutana na ile ya kwenda Kicukiro na Bugesera, na ile ya Rwandex inayoelekea Gikondo na mjini. Jina la eneo hilo limetokana na kiwanda cha mabomba. Hapo bei hutajwa kwa Kinyarwanda, Kiswahili, Kiingereza au Kifaransa, kutegemea nani anauza na nani ananunua.

Kwa dereva aliyetoka Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 1,500, kutoelewana mwishoni mwa njia ni gharama: gari linalala, ghala linalipiwa na mteja anaondoka. Makala haya yanaeleza namna ya kujifunza lugha ya kazi kwa kutumia simu, na mahali ambapo simu hiyo hiyo hupotosha.

Lugha zipi?

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka 2008 serikali iliamua kuwa shule zifundishe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na mwaka 2017 Bunge lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, lugha ya karibu kila mtu ni Kinyarwanda. Ofisini unaweza kumaliza kazi kwa Kiingereza. Kwa mpakizi, mlinzi wa ghala na mwenye duka, Kinyarwanda hufungua mlango haraka zaidi. Mzigo unaoendelea hadi Bukavu au Bujumbura mara nyingi hufuatana na karatasi za Kifaransa.

Vyombo vilivyopo

Google Translate iliongezewa Kiswahili mwaka 2009 na Kinyarwanda mwaka 2020. Duolingo ina kozi ya Kiswahili tangu mwaka 2017, lakini inafundisha kupitia Kiingereza. Itamfaa zaidi Mnyarwanda anayejua Kiingereza kuliko dereva wa Tanzania anayetafuta Kinyarwanda. Dereva huyo atafaidika kwa kusikiliza BBC Gahuza, inayotangaza kwa Kinyarwanda na Kirundi, na masomo mafupi yaliyomo YouTube.

Chombo kilicho karibu zaidi ni WhatsApp. Ujumbe wa sauti unaweza kurudiwa mara kumi bila kumchosha aliyeutuma. Mwombe wakala wako aseme namba, siku na majina ya bidhaa polepole, kisha umrudishie sauti yako akusahihishe.

Mahali pa kuangalia sana

Saa. Kiswahili na Kinyarwanda huhesabu saa kwa namna moja: saa tatu asubuhi ni 9:00. Programu ya kutafsiri inaweza kuigeuza kuwa 3:00. Zaidi ya hapo, saa za Rwanda ziko nyuma ya zile za Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Ikiwa ni saa tatu asubuhi Kigali, upande wa Tanzania wa mpaka wa Rusumo ni saa nne. Dereva ambaye simu yake bado inasoma saa za nyumbani atafika saa moja kabla ya wakati; aliyeamini tafsiri ya mashine anaweza kukosea kwa saa sita.

Siku. Neno la Kinyarwanda "ejo" lina maana ya jana na pia kesho. "Ejo hashize" ni jana, "ejo hazaza" ni kesho. Ukiletewa ujumbe wenye "ejo" peke yake kuhusu mzigo, uliza tarehe. Na "ijana" siyo jana. Ni mia moja.

Kununua na kuuza. "Kugura" ni kununua, "kugurisha" ni kuuza. Silabi moja inamtenga mnunuzi na muuzaji.

Tarakimu. Katika uandishi wa Kifaransa mkato hutenganisha desimali. Kilo 1,500 kwa msomaji wa Kiingereza ni elfu moja na mia tano. Kwa msomaji wa Kifaransa inaweza kuwa kilo moja na nusu. Andika 1500, na kwa maneno pia.

Namna ya kuanza

1. Usianze na sarufi. Andika maneno thelathini ya kazi yako: umupaka (mpaka), gasutamo (forodha), umusoro (kodi), igiciro (bei), imizigo (mizigo), iburyo (kulia), ibumoso (kushoto). Mawili ya mwisho yana uzito, kwani Rwanda magari hupita kulia.

2. Jifunze namba kwa kusikia, siyo kwa kusoma tu. Bei hutajwa kwa mdomo.

3. Tafsiri ya mashine igeuze tena. Ikirudi na maana nyingine, andika sentensi fupi zaidi.

4. Makubaliano ya sauti yafuatwe na maandishi: tarehe, "9:00, saa za Kigali", kiasi, sarafu na mahali.

5. Usijifunze ukiwa unaendesha. Muda wa kusubiri karatasi mpakani unatosha.

Mashine itakusaidia kusalimu na kuuliza njia. Lakini saa, tarehe, kiasi na bei zithibitishwe na mtu wa upande wa pili kabla gari halijawashwa.