Walipewa Kiwanja, Hawakupewa Shamba

Nilifika kambi ya Gihembe nimebebwa mgongoni, nikitoka Masisi. Leo napanga chumba Biryogo, Kigali, karibu na ile barabara ya rangi iliyofungwa kwa magari mwaka 2021, watu wanakokaa kunywa chai. Jioni moja bibi mwenye nyumba akaniuliza, "Mwanangu, unajua sisi Waswahili tulifikaje hapa?" Sikujua. Nilipofuatilia, nikaona kama nasoma habari za kwetu kambini.

Kigali ilianzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, juu ya kilima cha Nyarugenge. Vilima vya pembeni vilikuwa mashamba ya mtama na maharage, na malisho ya ng'ombe. Waswahili walikuja na Wajerumani: askari, makarani, wafanyabiashara. Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa 1913. Wabelgiji waliposhika nchi, wakawatenga Biryogo, na mahali penyewe pakaitwa kambi. Walipewa pa kujenga nyumba; ardhi ya kulima, hapana. Ndiyo maana wazee wa hapa walikuwa madereva, mafundi cherehani na wachuuzi. Wengi husema Mswahili hapendi jembe. Kumbe jembe lingelima wapi?

Wakati wa uhuru, 1962, Kigali ilikuwa na watu kama 6,000. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,745,555. Shamba lililokuwa mbali likajikuta jirani na mji, likakatwa viwanja, likaota nyumba. Bonde la Gikondo liligeuka eneo la viwanda, na baadaye serikali ikaviondoa ili bonde lirudi kuwa la maji. Kati ya 2009 na 2013 ardhi ya nchi nzima iliandikishwa, vipande zaidi ya milioni 10. Mwenye hati akiuza, anapata pesa. Aliyekuwa akilima kwa kuazimwa anabaki na jembe lake.

Hilo nalijua kwa mama yangu. Gihembe ilifunguliwa 1997 kwenye kilima cha Gicumbi, na kambini hakukuwa na pa kupanda hata mchicha. Mama akaazima kipande kwa jirani wa nje ya kambi, akilipa kwa vibarua. Msimu wa tatu mwenyewe akauza kiwanja, na maharage yetu yaling'olewa kabla hayajakomaa. Hakutuonea, ardhi ilikuwa yake na bei ilikuwa imepanda.

Kambi nayo ilikuwa inakula kilima. Maelfu ya watu, mapaa yamebanana, maji yote ya mvua yakishuka mteremko mmoja. Korongo tuliloruka tukiwa watoto likaja kutishia nyumba. Mwaka 2021 Gihembe ilifungwa, watu wakapelekwa Mahama. Wengine tukaja mjini.

Inawezekana kufanya vingine. Karibu na kambi ya Mugombwa, kwenye bonde la Misizi, wakimbizi na wenyeji walipewa hekta 55 walime pamoja, wakauza mavuno kwa ushirika.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaokuja na fomu, mkituuliza "unafanya kazi gani?", ongezeni maswali matatu: unalima wapi, kwa ruhusa ya nani, na mpaka lini? Mama yangu hakuwahi kuulizwa hata moja.