Chapa za Majaribio za Stempu za Posta

Stempu ya posta hujulikana kwa kazi yake. Hununuliwa, hubandikwa juu ya bahasha, hupigwa muhuri, na barua ikisha kufika kwa mwenyewe kazi hiyo imekwisha. Lakini viko vipande vya karatasi vinavyofanana na stempu kwa sura na kwa kimo, navyo havikuuzwa posta hata siku moja wala havikubeba barua ya mtu yeyote. Hivyo ni chapa za majaribio. Mtia nakshi akisha kuchonga sura juu ya chuma, hupaka wino na kupiga chapa moja au mbili, apate kuliona kosa lake kabla kazi haijapita mikononi mwa wengine. Chapa hizo zilikuwa za kutazamwa na kutupwa. Zile zilizosalia hutafutwa sana na wakusanyaji, na kwa mwenye kuchunguza historia zina faida kubwa, maana ndani yake yaonekana mambo ambayo wakubwa wa posta walikuwa hawajayakata shauri.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kuieleza kazi hii, ijapokuwa maneno yenyewe yametoka njia mbalimbali. Chapa ni neno la Bara Hindi. Muhuri limetoka kwa Waajemi na Waarabu. Stempu limetoka kwa Waingereza. Wapiga chapa husema prufu, na kwa hilo hukusudia karatasi yoyote ya kusahihishwa, iwe ya kitabu au ya tangazo. Kwa habari ya stempu neno hilo moja halitoshi, kwa kuwa wakusanyaji hupambanua vitu vitatu. Kwanza ni chapa ya mchongo, iliyopigwa kutoka kipande kile kimoja cha chuma alichokichonga fundi. Pili ni chapa ya bamba, iliyopigwa kutoka bamba kubwa lenye sura nyingi. Tatu ni chapa ya rangi, ambayo sura yake imekwisha kukubaliwa na kinachojaribiwa ni wino au karatasi. Mwenye kuzichanganya hizi tatu hawezi kuieleza historia ya stempu yoyote, kwani kila moja yajibu swali lake.

Habari yenyewe huanzia London. Mnamo mwaka 1837 Rowland Hill alitoa kijitabu chake cha kutaka posta itengenezwe upya, ili barua ilipiwe mapema na mwenye kuipeleka, kwa bei moja nchini kote. Shauri lake lilipokubaliwa, Hazina ya Uingereza ilitangaza mashindano mwaka 1839, ikawaita watu wote walete mawazo yao juu ya alama ya malipo. Yalikuja mashauri zaidi ya 2,600. Wanne walipewa zawadi ya pauni 100 kila mmoja, na katika hao hapana hata mmoja ambaye kazi yake ilitumiwa kama alivyoileta. Baadhi ya vielelezo vya mashindano hayo vipo hata leo, na wakusanyaji huviweka mwanzo kabisa wa albamu zao, ingawa kwa haki si chapa za majaribio ya stempu yoyote iliyopata kutoka. Ni mashauri yaliyokataliwa, basi.

Kazi ilipewa kiwanda cha Perkins, Bacon na Petch, kilichokuwa kikipiga chapa noti za benki. Jacob Perkins alikuwa Mmarekani wa Massachusetts aliyefika Uingereza mwaka 1819, naye alileta ufundi wa ajabu kidogo. Sura ilichongwa juu ya chuma cha pua kilicho laini, kisha chuma hicho kikatiwa moto mpaka kikawa kigumu. Juu yake likabingirishwa gurudumu la chuma laini kwa nguvu nyingi, likaipokea sura ile kinyume. Gurudumu nalo likafanywa gumu, likabingirishwa tena juu ya bamba, mara 240. Hivyo mchongo mmoja ulizaa sura 240 zilizo sawasawa, na karatasi nzima ya stempu za peni moja ikawa na thamani ya pauni moja kamili. Katika pembe za chini zilitiwa herufi mbili mbili kwa mkono, kuanzia AA hata TL, ili mwenye kughushi apate taabu.

Sura ya Malkia Victoria ilitolewa katika nishani ya William Wyon, iliyofanywa kuadhimisha siku Malkia alipolizuru Jiji la London mwezi wa Novemba 1837. Wyon alikuwa amekichora kichwa hicho mwaka 1834, wakati Victoria alipokuwa binti wa miaka 15. Henry Corbould akakichora upya kwa ajili ya stempu, na Charles Heath na mwanawe Frederick wakakichonga. Hapa ndipo chapa za mchongo zinapoanza kusema. Mchongo wa kwanza haukufaa; mistari yake ilikuwa myepesi mno, ikachongwa sura nyingine. Stempu nyeusi ya peni moja, iliyoanza kutumika tarehe 6 Mei 1840, haionyeshi dalili yoyote ya kosa hilo la kwanza. Bila ya zile chapa chache za mchongo uliokataliwa, kosa hilo lingalijulikana kwa maandishi tu, wala hapana ambaye angaliweza kulitazama kwa macho.

Uso ule wa binti wa miaka 15, kwa njia, uliendelea kutumiwa katika stempu za Uingereza mpaka Malkia alipokufa mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka 81.

Mara tu stempu ilipotoka ilionekana hatari nyingine. Muhuri wa posta ulipigwa kwa wino mwekundu juu ya stempu nyeusi, na watu wajanja walitambua kwamba wekundu huo waweza kuoshwa na stempu ikatumiwa mara ya pili. Kila stempu iliyooshwa ilikuwa peni moja iliyoibwa Hazina, na mpango mzima wa Hill ulisimama juu ya peni hizo. Likatengenezwa bamba dogo la sura 12, pembe moja ya juu ikiachwa tupu, na kutoka bamba hilo zikapigwa chapa kwa rangi nyingi na juu ya karatasi za namna mbalimbali, kisha zikajaribiwa kwa dawa za kuoshea. Wakusanyaji wameziita chapa za upinde wa mvua, na jina limestahili. Kwa macho ni nzuri kuliko stempu zote za zamani hizo. Lakini uzuri haukuwa shabaha yake hata kidogo. Jawabu lilipatikana kwa kugeuza mambo: muhuri uwe mweusi, stempu iwe nyekundu. Stempu nyekundu ilitoka mwezi wa Februari 1841.

Yafaa kutaja hapa namna ya nne ya karatasi, ambayo si jaribio wala si stempu ya kawaida. Karatasi ya kwanza iliyopigwa kutoka kila bamba ilipelekwa Somerset House, ikaandikwa kibali kwa mkono na ikahifadhiwa kama shahidi wa bamba hilo. Karatasi nyingi za namna hiyo sasa zipo katika Jumba la Makumbusho la Posta mjini London. Lakini si zote zilizo kamili. Katika miaka iliyopita maofisa walikata stempu chache pembeni wakawapa watu wakubwa au marafiki, na vipande hivyo baadaye vikaonekana sokoni. Shahidi wa serikali alikatwa ukucha, na ukucha ukapigiwa mnada. Hata hivyo ukataji huo ulikuwa mdogo ukilinganishwa na jambo lililotokea mwaka 1861.

Mwaka huo kukusanya stempu kulikuwa kumekwisha kuwa desturi ya watu wazima. Orodha za kwanza za stempu zilipigwa chapa Ufaransa mwaka huo huo, ya Berger-Levrault mjini Strasbourg na ya Potiquet mjini Paris. Ormond Hill, mtoto wa ndugu yake Rowland Hill, alikuwa mwenye cheo katika idara ya mapato iliyosimamia kazi ya stempu. Yeye aliwaomba Perkins Bacon vielelezo vya stempu walizokuwa wakizipiga chapa kwa ajili ya makoloni, apate kuwapa rafiki zake waliokuwa wakikusanya. Kiwanda kilikubali. Zilipigwa stempu sita za kila namna, na juu yake likatiwa neno la Kiingereza lenye maana ya kubatilishwa, katikati ya mistari yenye umbo la yai, ili zisiweze kutumika posta. Kwa nia ya kiwanda palikuwa hapana wizi. Stempu zilikuwa zimeharibiwa makusudi, hazikuuzwa, na aliyeziomba alikuwa ofisa wa serikali mwenye jina linaloheshimiwa kuliko majina yote katika mambo ya posta.

Penrose Julyan, aliyekuwa wakala wa makoloni mjini London, hakuliona jambo hivyo. Mabamba yalikuwa mali ya makoloni, nayo ndiyo yaliyolipia kuchongwa kwake. Bamba la stempu ni sawa na bamba la noti: mwenye kulipiga chapa pasipo amri, ijapokuwa mara sita tu, na ijapokuwa kwa kutaka kumridhisha muungwana, ameonyesha kwamba aweza kulipiga mara nyingine pasipo kuulizwa. Kiwanda kilinyang'anywa mabamba, na kazi ya makoloni hayo ikapewa washindani wake, De La Rue. Perkins Bacon, walioipigia dunia stempu yake ya kwanza, walipoteza sehemu kubwa ya kazi yao kwa sababu ya fadhila moja.

Je, Julyan alikuwa mkali kupita kiasi? Wapo wanaosema hivyo, na kweli adhabu ilikuwa nzito. Lakini mtu akizifikiri zamani hizo, wakati ambapo makoloni yaliyo mbali yalikuwa hayana njia ya kujua stempu ngapi zimepigwa ila kwa kuliamini neno la mpiga chapa, ni vigumu kumlaumu. Ajabu ni kwamba stempu zile sita sita zimekuwa miongoni mwa vitu vinavyotamaniwa sana na wakusanyaji, hasa zile za pembe tatu za Cape. Barua zilizoandikwa na kiwanda zilihifadhiwa, zikatolewa katika kitabu na Percy de Worms mwaka 1953, na humo fadhila ile yaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Mtego mwingine humngoja mkusanyaji. Mwaka 1864 stempu nyeusi ya peni moja ilipigwa chapa tena, kiasi kidogo, kwa ajili ya watoto wa jamaa ya kifalme waliotaka kuiona. Asiyejua aweza kuidhania kuwa jaribio la mwaka 1840. Sura yake, hata hivyo, yatoka katika mchongo wa pili, uliotengenezwa na William Humphrys mwaka 1855, na mwenye kuulinganisha uso kwa darubini ndogo hawezi kukosea.

Huko kwa De La Rue ulikuwapo utaratibu mkali zaidi. Chapa za mchongo zilipigwa juu ya kadi nyeupe yenye kung'aa, zikagongwa tarehe pamoja na maneno ya kuonyesha kama chuma kilikuwa bado laini au kimekwisha kutiwa moto. Kwa kadi hizo siku ya kuzaliwa kwa stempu yajulikana, jambo lisilopatikana kwa stempu nyingi za Perkins Bacon.

Pwani ya Afrika Mashariki ilipata kuona jinsi mambo yalivyo jaribio linapokosekana. Mwezi wa Novemba 1895 posta ya Unguja ilitoka katika mikono ya serikali ya Bara Hindi. Stempu zenye jina la Zanzibar zilikuwa hazijawa tayari, ikabidi stempu za Bara Hindi zigongwe jina hilo juu yake papo hapo Unguja, katika ofisi ya gazeti la serikali. Mfunga herufi alifanya haraka. Katika stempu nyingine jina lilisomeka “Zanzidar”, na katika nyingine “Zanibar”, na stempu hizo zikauzwa zikabandikwa juu ya barua. Mwenye kuisoma chapa ya kwanza kwa utulivu angaliyaona makosa hayo mara moja. Mwaka 1896 zilitoka stempu zenye picha ya Seyyid Hamed bin Thuwaini. Yeye alifariki tarehe 25 Agosti mwaka huo huo, lakini picha yake iliendelea kutumiwa mpaka zilipotoka stempu za Seyyid Hamoud bin Mohammed mwaka 1899. Bamba likisha kuwa gumu halibadiliki upesi kama wanavyobadilika watawala.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 jambo la mwaka 1895 lilirudi kwa namna nyingine. Stempu zilizokuwamo posta zilikuwa za utawala ulioondoka, na mabamba mapya hayangeweza kuchongwa kwa siku chache. Basi zikagongwa kwa mkono, moja moja, neno JAMHURI na mwaka 1964. Nyingine ziligongwa juu chini, nyingine upande upande. Baada ya wiki chache ziliwasili zile zilizopigwa kwa mashine Uingereza, zenye maneno yale yale katika mstari ulionyooka. Kwa wakusanyaji thamani iko katika zile za mkono. Kwa mwenye kuchunguza lugha, zote mbili zina jambo moja: neno lililotumwa kuifuta dola ya zamani juu ya stempu zake lilikuwa la Kiswahili, nalo liliandikwa bila kosa la herufi hata moja.