Vichafuzi katika plastiki iliyorejelezwa ya vyakula
Ni kemikali zinazoingia katika plastiki bila kukusudiwa na mtengenezaji, mathalani pale chupa ya maji inapotiwa mafuta ya taa kabla ya kutupwa. Kuosha peke yake hakutoshi, kwani kemikali hupenya ndani ya plastiki yenyewe. Kwa hiyo vipande vya chupa za PET (aina ya plastiki), vikishaoshwa, hupashwa joto la takriban nyuzi 200 za Selsiasi ndani ya ombwe hadi kemikali zitoke. Mtambo unaofanya usafishaji huu hujaribiwa kwa ukali unaostahili: vipande huchafuliwa makusudi kwa toluini, klorofomu na nyinginezo, kisha mabaki hupimwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2022 huruhusu plastiki isiyo ya vyakula isizidi asilimia 5 ya malighafi ya PET. Polipropilini, aina nyingine ya plastiki, hufyonza kemikali zaidi kuliko PET, hivyo ni ngumu zaidi kuisafisha.