Ukuta wa Detroit na Nyumba ya Babu

Ukuta wenyewe hautishi. Kimo chake ni futi sita hivi, na umepita nyuma ya nyumba za watu kwa takriban nusu maili, karibu na barabara ya Eight Mile jijini Detroit. Sehemu yake imechorwa picha za rangi. Nilikwenda kuutazama mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili, pamoja na wanafunzi wenzangu wa historia. Nilitarajia kitu kikubwa zaidi.

Ulijengwa mwaka 1941. Mjenzi mmoja alitaka kuweka nyumba za Wazungu jirani na mtaa wa watu Weusi, akakwama kwenye mikopo. Tangu 1934 serikali ya Marekani ilikuwa na idara ya nyumba, FHA, iliyozidhamini benki: mnunuzi akishindwa kulipa, serikali inafidia. Ndiyo maana mtu wa kipato cha kawaida aliweza kununua nyumba na kuilipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Lakini FHA iliukataa mradi ule kwa sababu ulikuwa karibu mno na Weusi. Mjenzi akasimamisha ukuta, na dhamana ikatoka.

Katika kisa hiki hakuna aliyehitaji kutukana mtu. Afisa alifuata mwongozo, benki ikafuata afisa, mjenzi akafuata fedha. Hicho ndicho kinachoitwa ubaguzi wa kimfumo: madhara yanaendelea hata kama kila anayehusika anajiona anafanya kazi yake tu.

Ukuta ule ulikuwa tone moja. Katika miaka ya 1930 shirika jingine la serikali, HOLC, lilichora ramani za miji zaidi ya 200. Mitaa bora ilipakwa kijani, iliyofuata bluu, kisha njano, na ile iliyohesabiwa kuwa hatari kwa mkopo ikapakwa rangi nyekundu. Mtaa wa Weusi karibu kila mara uliangukia kwenye nyekundu. Baada ya vita, sheria ya 1944 iliwaahidi askari wote waliorudi mikopo yenye dhamana ya serikali. Mwaka 1947, jimboni Mississippi, mikopo 3,229 ya aina hiyo ilitolewa kwa ajili ya nyumba, biashara na mashamba. Askari Weusi walipata miwili.

Sheria ya kupiga marufuku ubaguzi katika nyumba ilisainiwa Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Kufikia hapo watoto wa wale waliokopeshwa walishakua ndani ya nyumba zilizopanda bei. Walizikopea karo, wakazirithi, wakaziuza. Takwimu za benki kuu ya Marekani za 2022 zinaonyesha kwamba familia ya Kizungu ya katikati ilikuwa na mali ya dola 285,000, na ya Weusi dola 44,900.

Tuliporudi darasani, mwalimu alituuliza swali linaloonekana jepesi: nyumba ya familia yenu ilipatikanaje?

Mwenzetu mmoja, msichana wa Kizungu, alijibu kwamba babu yake alipigana vitani, akarudi, akafanya kazi kiwandani miaka thelathini. "Hakupewa kitu bure," alisema. "Na hakumchukia mtu." Kisha akaanza kulia. Hakuna aliyekuwa amemshutumu babu huyo. Dakika kumi zilizofuata tulizitumia kumbembeleza. Kijana Mweusi aliyekuwa ameanza kusimulia habari za bibi yake alifunga daftari lake, na siku ile hakusema tena.

Nimelifikiria tukio lile mara nyingi. Nadhani yule dada alisikia swali tofauti na lililoulizwa. Kwake, ubaguzi ni ubaya wa moyo, na nyumbani kwao walimfundisha kwamba mtu mwema haioni rangi. Kwa hiyo mtu anapotaja ramani na mikopo, yeye anasikia babu yake akiitwa mwovu. Na babu yule kweli alitoka jasho. Yote mawili ni kweli: alifanya kazi, na mlango ulikuwa wazi kwake. Mwenziwe Mweusi wa kiwanda kilekile angeweza kutoka jasho vilevile na kuukuta umefungwa. Kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja ni kazi ngumu, hasa pale nyumba inapokuwa imekufikia kama upendo.

Zamu yangu ilipofika nilijibu haraka. "Ni nyumba ya babu. Aliijenga kwa pesa za nazi. Aliifanyia kazi."

Kwetu ni Pangani. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa na minazi pande zile yalilimwa na watumwa. Sheria ya kuukomesha utumwa Tanganyika ilikuja 1922, na mashamba ya kwetu yakabaki kwa waliokuwa nayo. Utotoni nilimwona mzee mmoja aliyekuwa akija nyumbani siku za shughuli, akila peke yake nyuma, karibu na jiko. Nilimuuliza bibi sababu. Akanijibu, "Mjukuu wangu, hayo hayasemwi." Darasani sikuyasema.

Sisemi kwamba Pangani ni Detroit. Kule rangi ya mtu ilimfuata kila alikokwenda kuomba mkopo, kwa miongozo iliyoandikwa na serikali yake mwenyewe. Ninachosema ni kwamba ukimya wa yule dada niliutambua kwa sababu nimelelewa ndani ya mwingine. Tofauti yetu siku ile ilikuwa kwamba yeye alilia, mimi nikajua kunyamaza bila kuonekana.

Wiki iliyofuata nilimtafuta yule kijana, nikamwomba amalizie habari za bibi yake. Alinitazama kwanza, kisha akanisimulia. Usiku huo nilimpigia bibi yangu simu, nikamuuliza jina la yule mzee. Alikaa kimya hata nikadhani mtandao umekatika. Halafu akalitaja, na la baba yake, na shamba walilolilima. Ni lile lililoijenga nyumba yetu.